Vita vya Ardhi Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mauaji ya Waaborijini na Upinzani Wao

## Misingi

1. Waaborijini ni nani, na walikuwa wangapi Waingereza walipofika?

Ni wenyeji wa bara la Australia na kisiwa cha Tasmania. Si kabila moja. Kulikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila jamii ilikuwa na mipaka yake na sheria zake kuhusu nani awinde wapi na achote maji ya kisima kipi. Zana zilizochimbuliwa Madjedbebe, kaskazini mwa nchi, zinaonyesha kwamba watu wameishi huko kwa takriban miaka 65,000. Wenyeji wa visiwa vya Mlango-bahari wa Torres ni watu wengine. Wanatajwa katika swali la 15.

Makadirio ya idadi yao mwaka 1788 yanaanzia 300,000 na kufika milioni moja. Karne moja na nusu baadaye walikuwa wamebaki chini ya 100,000. Unapozungumzia watu wa mahali fulani, taja jina lao: Wiradjuri, Noongar, Gurindji, Warlpiri.

2. Uingereza iliichukuaje nchi nzima bila mkataba hata mmoja?

James Cook alitia nanga kisiwa cha Possession mwaka 1770 na kutangaza kwamba pwani yote ya mashariki ni mali ya mfalme wake. Maagizo aliyopewa yalimtaka apate kwanza ridhaa ya wenyeji. Hakuiomba. Tarehe 26 Januari 1788 Arthur Phillip alishusha wafungwa na askari katika ghuba ya Sydney, kwenye ardhi ya Wagadigal, na tangu hapo serikali ikaendesha mambo kana kwamba ardhi haina mwenyewe.

Jaribio moja la mkataba lilifanyika mwaka 1835, wakati John Batman alipowapa wazee wa Kikulin, karibu na Melbourne ya leo, mablanketi, visu na mashoka akidai kwamba kwa hayo amenunua zaidi ya hekta 200,000. Gavana Bourke aliubatilisha mkataba huo. Hoja yake haikuwa kwamba wazee wamepunjwa. Alisema ardhi ni ya Taji, yaani ya mfalme wa Uingereza, kwa hiyo wazee hawakuwa na cha kuuza. Miaka mitano tu baadaye Uingereza hiyohiyo ilitia saini mkataba wa Waitangi na Wamaori wa New Zealand.

3. Vilikuwa vita au mauaji?

Vyote viwili, na swali hili ndilo ufunguo wa mengine yote. Kama ni vita, basi Waaborijini walikuwa adui mwenye nchi, na vita huishia kwenye mapatano. Kama ni raia wa mfalme, kama sheria ilivyosema, basi kila aliyewaua alikuwa muuaji wa kupelekwa mahakamani. Serikali za makoloni zilikwepa njia zote mbili: kwenye karatasi waliitwa raia, porini waliwindwa kama adui. Ndiyo maana hakukuwa na mkataba, na ndiyo maana vilevile karibu hakuna aliyehukumiwa.

Mara chache ukweli uliponyoka. Sheria ya kijeshi ilitangazwa Bathurst tarehe 14 Agosti 1824 na Tasmania mwezi Novemba 1828. Hakuna anayetangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wezi wa kondoo.

4. Kwa nini mapigano yalizuka sehemu fulani na si nyingine?

Fuata maji, kisha fuata mifugo. Kila wafugaji walipoelekea, walikwenda kwanza kwenye mito na vidimbwi, na hapo ndipo kambi za wenyeji zilipokuwa. Kondoo waliharibu chakula kwa kasi ya kutisha: katika nyanda za Victoria walikula murnong, kiazi kidogo ambacho wanawake walikichimba kwa wingi, mpaka mzizi. Kangaruu walikimbia au waliuawa. Mwenye nchi akimchoma mkuki ng'ombe kwa njaa, aliitwa mwizi.

Sababu ya pili hutajwa kwa aibu katika kumbukumbu za zamani: utekaji wa wanawake. Mashambulizi mengi ya mwanzo dhidi ya vibanda vya wachungaji yalikuwa kisasi cha wake na mabinti waliochukuliwa.

## Mauaji

5. Shambulio la kawaida lilifanyikaje?

Wapanda farasi walitafuta moshi wa kambi jioni, wakalala mbali, kisha wakaizingira kabla ya mapambazuko watu wangali usingizini. Upande mmoja walipiga risasi; upande wa pili ulikuwa mto au genge ambako wenzao walikuwa wakisubiri. Appin, kusini mwa Sydney, usiku wa kuamkia 17 Aprili 1816, askari waliotumwa na Gavana Macquarie waliwasukuma watu kwenye majabali. Si chini ya 14 walikufa, wengine kwa kuporomoka. Pinjarra, Australia Magharibi, tarehe 28 Oktoba 1834, Gavana James Stirling mwenyewe aliongoza kikosi kilichowabana Wabindjareb mtoni kutoka kingo zote mbili. Ripoti zake ziliwataja maiti wachache. Wanoongar wanasimulia idadi kubwa zaidi mno.

Baadaye ikaja sumu: arseniki, ambayo wafugaji walikuwa nayo kwa ajili ya upele wa kondoo, ilichanganywa kwenye unga na kuachwa mahali utakapookotwa. Kisa cha Kilcoy, Queensland, mwaka 1842 ndicho kinachotajwa sana. Maiti mara nyingi zilichomwa. Sababu ya kuzichoma iko katika swali linalofuata.

6. Je, kuna mzungu aliyewahi kuadhibiwa?

Ndiyo, na kesi inayojulikana kuliko zote ni ya Myall Creek, katika koloni la New South Wales. Tarehe 10 Juni 1838 kundi la wachunga mifugo wenye silaha lilifika kwenye ranchi ambako Wawirrayaraay walikuwa wamepiga kambi kwa amani. Vijana wao walikuwa wamekwenda ranchi ya jirani kufanya kazi. Waliobaki, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wapatao 28, walifungwa kamba, wakapelekwa pembeni na kukatwa kwa mapanga. Wauaji walirudi baadaye kuchoma miili.

Kesi ilisimama kwa sababu ya watu wawili: msimamizi William Hobbs, aliyeripoti alichokikuta, na George Anderson, mfungwa aliyekuwa akilinda kibanda, aliyekubali kutoa ushahidi. Washtakiwa 11 waliachiwa baada ya baraza la wazee wa mahakama kujadiliana kwa dakika 15 hivi. Mwanasheria mkuu John Plunkett aliwarudisha 7 kizimbani kwa mashtaka mengine, wakapatikana na hatia na kunyongwa tarehe 18 Desemba 1838. John Fleming, mwenye ardhi aliyekuwa kiongozi wao, alitoroka na hakuwahi kushtakiwa.

Mwaborijini aitwaye Davey, aliyekuwapo ranchini siku ile, hakuruhusiwa kusema, kwa kuwa asiye Mkristo hakuweza kula kiapo. New South Wales iliondoa kizuizi hicho mwaka 1876 tu. Ukiua mashahidi wote weusi hupati hasara kisheria. Wa kuogopwa ni mzungu atakayesema, na mifupa. Funzo ambalo wafugaji walilipata Myall Creek ni kuficha vizuri zaidi.

7. Inakuwaje Polisi wa Wenyeji waliwaua wenyeji wenzao?

Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1848 chini ya Frederick Walker na kikawa mkono mkuu wa Queensland baada ya koloni hilo kujitenga mwaka 1859. Maofisa walikuwa wazungu, askari Waaborijini. Askari walichukuliwa mbali, wa kwanza kutoka kusini, mamia ya kilomita, wakapelekwa kwenye nchi ambayo hawakuwa na ndugu, lugha wala haki ya kukanyaga. Kwao watu wa huko walikuwa wageni, pengine maadui. Wengine waliingia kwa hiari wakitaka farasi, sare na bunduki. Wengine walichagua kati ya kikosi na jela. Wengi walitoroka. Mbinu hii Afrika Mashariki inaijua: Wissmann alipokuja kupambana na Abushiri mwaka 1889, alikuja na askari wa Kisudani.

Ripoti za maofisa zilitumia neno moja, «kutawanya». Kundi la Waaborijini «limetawanywa» maana yake limepigwa risasi. Kikosi kilidumu karibu hadi mwisho wa karne ya 19.

8. Waliuawa wangapi kwa jumla?

Chuo Kikuu cha Newcastle kilitengeneza ramani ya mauaji ya miaka 1788 hadi 1930. Ili tukio liingie humo, lazima watu 6 au zaidi wasioweza kujitetea wawe wameuawa katika operesheni moja, na ushahidi upimwe. Matukio yaliyokidhi masharti hayo ni zaidi ya 400, na waliokufa ni zaidi ya 10,000, karibu wote wenyeji.

Usiichukue hiyo kuwa idadi ya vita vyote. Aliyeuawa peke yake kisimani hayumo. Familia ya watu watano haimo. Doria za Polisi wa Wenyeji zisizo na ripoti hazimo, na kwa Queensland peke yake kuna makadirio yanayofika makumi ya maelfu. Ramani ni kiwango cha chini kinachoweza kuthibitishwa.

9. Si magonjwa ndiyo yaliyowamaliza?

Magonjwa yaliua wengi. Ndui ya mwaka 1789 iliangusha pengine nusu ya watu wa eneo la Sydney, na chanzo chake kinabishaniwa hadi leo. Lakini mtu aliyefukuzwa kwenye maji yake, asiye na chakula, hufa kwa mafua ambayo angepona. Ugonjwa na unyang'anyi wa ardhi vilikwenda pamoja.

## Upinzani

10. Mkuki ungewezaje kupambana na bunduki?

Vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa miaka 60 hivi ya mwanzo. Gobori la wakati ule lilijazwa kwa mdomo: baruti, risasi, kushindilia, kisha baruti nyingine kwenye kifyatulio. Mzoefu alihitaji sekunde 20 au zaidi kati ya mlio na mlio, mvua iliizima, na kulenga mtu mbali kulikuwa kubahatisha. Katika muda huo mpiganaji mwenye kirushio, kile kibao kinachourefusha mkono, aliweza kurusha mikuki kadhaa.

Walengwa wakuu hawakuwa watu, bali uchumi. Kando ya mto Hawkesbury mahindi yalivunwa au kuchomwa yalipokomaa. Kondoo waliswagwa kwa mamia na kuvunjwa miguu. Vibanda vya pembezoni vilivamiwa mchungaji akiwa peke yake, na unga, mablanketi na silaha vikachukuliwa. Ranchi kadhaa zilihamwa kabisa.

Kilichogeuza mizani ni farasi wengi, bunduki za kujazwa nyuma zilizoenea kuanzia miaka ya 1860, na Polisi wa Wenyeji (swali la 7), ambao walijua kufuata nyayo.

11. Viongozi gani wanafaa kujulikana?

Pemulwuy, Mbidjigal, alianza mwaka 1790 kwa kumchoma mkuki mwindaji wa gavana, na akapigana miaka 12 kuzunguka Sydney. Mwaka 1797 aliongoza watu wapatao mia hadi ndani ya Parramatta, akapigwa risasi 7, akalazwa hospitalini chini ya ulinzi, na akatoroka na pingu mguuni. Aliuawa Juni 1802 na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Mwanawe Tedbury aliendeleza mapambano.

Windradyne aliongoza Wawiradjuri wa Bathurst mwaka 1824. Serikali iliahidi ekari 500 kwa atakayemkamata; hakupatikana. Desemba mwaka huo alitembea mwenyewe na watu wake hadi Parramatta, kwenye karamu ya gavana, akiwa na neno «amani» kwenye kofia yake.

Tarenorerer wa Tasmania anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Alitekwa msichana na kuuzwa kwa wawinda sili, akajifunza Kiingereza na bunduki, akarudi mwaka 1828 na kukusanya kikosi. Aliwafundisha kuvuta subira mpaka mzungu afyatue, kisha wamvamie kabla hajajaza tena. Alikamatwa mwishoni mwa 1830, akafa kwa mafua mwaka 1831.

Jandamarra, Mbunuba wa Kimberley, alikuwa mfuatilia nyayo wa polisi. Mwaka 1894 alimuua konstebo aliyekuwa akimtumikia, akawafungua jamaa zake waliokuwa kwenye minyororo na kuanzisha vita katika magenge ya mawe ya chokaa ambayo aliyajua na polisi hawakuyajua. Ilichukua hadi 1 Aprili 1897 kumuua, na aliyempiga risasi alikuwa mfuatilia nyayo mwingine Mwaborijini.

12. Kwa nini hawakuungana?

Swali hili linadhani walikuwa taifa moja. Mwiradjuri hakuwa na haki ya kupigania nchi ya Mbunuba, ambaye hata hakumjua. Wakoloni nao hawakuja mara moja: Sydney ilipokuwa mji wenye magazeti, Kimberley haikuwa imeona ng'ombe hata mmoja. Kati ya kifo cha Pemulwuy na cha Jandamarra kuna miaka 95. Palipokuwa na ujirani, muungano ulikuwapo, kama ule wa jamii za Oyster Bay na Big River huko Tasmania.

13. Ni kweli Watasmania wote walikufa?

Si kweli, na uongo huu umeingia hata kwenye vitabu vya shule. Vita vya huko vilipamba moto kati ya 1824 na 1831. Wakoloni zaidi ya 200 waliuawa, na wenyeji mara kadhaa ya hapo. Februari 1830 serikali ilitangaza pauni 5 kwa kila mtu mzima atakayekamatwa na pauni 2 kwa mtoto. Oktoba mwaka huo Gavana George Arthur alipanga mstari wa wanaume wapatao 2,200, askari, wafungwa na raia, wakalisafisha pori kuelekea rasi ya kusini-mashariki. Baada ya majuma kadhaa walikuwa wamekamata wawili na kuua wawili.

Kilichofaulu ni maneno. George Augustus Robinson alizunguka na wajumbe wenyeji akiahidi ulinzi. Watu wa Oyster Bay na Big River waliposalimu amri siku ya mwisho ya 1831, walikuwa 26 tu. Koloni zima lilikuwa likiwatetemekea watu 26. Walipelekwa kisiwa cha Flinders, kwenye kituo cha Wybalenna, ambako wengi walikufa. Mwaka 1846 waliomwandikia Malkia Victoria kudai ahadi zilizovunjwa walikuwa wachache; mwaka uliofuata walionusurika, 47, walihamishiwa Oyster Cove.

Truganini alipofariki mwaka 1876 serikali ilimwita wa mwisho. Mifupa yake, kinyume na ombi lake, ilionyeshwa makumbusho hadi 1947. Ilichomwa na majivu kumwagwa baharini mwaka 1976. Wakati huohuo watoto na wajukuu wa wanawake walioishi na wawinda sili visiwani waliendelea kuwapo. Fanny Cochrane Smith alirekodiwa akiimba kwa lugha ya kwao mwaka 1899 na 1903. Wazao wao ni maelfu leo.

## Baada ya bunduki

14. Upinzani uliendeleaje chini ya sheria za «ulinzi»?

Kuanzia Victoria mwaka 1869, kisha Queensland 1897, Australia Magharibi 1905 na New South Wales 1909, bodi za serikali ziliamua Mwaborijini akae wapi, aoe nani, mshahara wake ashike nani. Watoto, hasa wenye baba mzungu, walichukuliwa. Uchunguzi wa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 mtoto mmoja kati ya kumi, hadi mmoja kati ya watatu, alitenganishwa na familia yake. Waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008.

Silaha mpya ilikuwa barua na miguu. Coranderrk, karibu na Melbourne, Wawurundjeri na wenzao waliifanya ardhi waliyopewa mwaka 1863 kuwa shamba lenye faida. Bodi ilipotaka kuliuza, William Barak na wenzake walitembea hadi mjini kuonana na mawaziri na kulazimisha uchunguzi wa mwaka 1881. Walishinda kwa muda. Sheria ya 1886 iliwafukuza wenye damu mchanganyiko walio chini ya miaka 35, yaani wenye nguvu za kulima, na shamba likadhoofika mpaka likafungwa mwaka 1924.

Pilbara, tarehe 1 Mei 1946, wafanyakazi wapatao 800 waligoma na kuacha ranchi zao siku ileile. Hawakuwa na simu wala uwezo wa kusoma. Dooley Bin Bin na Clancy McKenna walipeleka kalenda za kufuta siku moja moja, ili wote wajue siku ya kuanza. Mgomo ulidumu hadi 1949. Tarehe 23 Agosti 1966 Vincent Lingiari aliwatoa Wagurindji kwenye ranchi ya Wave Hill, mali ya kampuni ya Vestey. Wakubwa walidhani ni suala la mshahara. Lilikuwa la ardhi, na Wagurindji walikaa Daguragu miaka 9 mpaka sehemu yake ikarudishwa tarehe 16 Agosti 1975.

15. Hukumu ya Mabo ilibadilisha nini hasa?

Eddie Mabo na wenzake wanne wa kisiwa cha Mer, Mlango-bahari wa Torres, walifungua kesi mwaka 1982. Mabo alifariki Januari 1992. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua, majaji 6 kwa 1, kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi zilikuwapo kabla ya Uingereza na zilisalia pale ambapo hazikufutwa. Sheria ya kuzitekeleza ilipita mwaka 1993.

Mtego uko kwenye masharti. Ardhi iliyouzwa moja kwa moja kwa mtu haidaiwi. Mdai lazima aonyeshe kwamba mila zake hazijakatika tangu ukoloni, kwa hiyo waliofukuzwa mapema na kwa ukatili zaidi ndio walio na kesi ngumu zaidi. Wayorta Yorta wa mto Murray walishindwa mwaka 2002. Miongoni mwa ushahidi uliowaangusha ni ombi la mababu zao la mwaka 1881 la kupewa ardhi ya kulima: jaji aliliona kuwa dalili kwamba walikuwa wameshaacha mila.

16. Kura ya maoni ya 1967 ndiyo iliyowapa haki ya kupiga kura?

Hapana. Haki hiyo katika uchaguzi wa taifa ilikamilika mwaka 1962. Kura ya 27 Mei 1967, iliyopita kwa asilimia 90.77, iliiruhusu serikali kuu kutunga sheria kuwahusu na kuwaingiza kikamilifu kwenye hesabu ya watu. Ile ya 14 Oktoba 2023, ya kuwapa chombo cha kulishauri bunge, ilikataliwa na karibu asilimia 60.

## Maswali ya pembeni

17. Mauaji ya mwisho yalikuwa lini?

Kwa yale makubwa yanayojulikana, Coniston, katikati ya bara, mwaka 1928. Mtega mbwamwitu Fred Brooks aliuawa tarehe 7 Agosti baada ya ugomvi kuhusu mwanamke. Konstebo George Murray aliongoza doria za wiki kadhaa. Hesabu rasmi ni 31. Wawarlpiri na majirani zao wanataja mara mbili au zaidi. Tume ya uchunguzi ilisema ni kujitetea. Polisi wa Northern Territory waliomba radhi mwaka 2018.

18. Mabaki ya miili yaliyopelekwa Ulaya yamerudi?

Baadhi. Kichwa cha Yagan, Mnoongar aliyeuawa kwa ajili ya zawadi mwaka 1833, kilikaushwa kwa moshi, kikaonyeshwa Uingereza na kuzikwa kimyakimya Liverpool mwaka 1964. Wanoongar walikirudisha 1997 na kukizika 2010. Cha Pemulwuy hakijapatikana.

19. Nikisoma ripoti ya karne ya 19, niangalie nini?

Kwanza msamiati: «kutawanya», «kuwapa somo», «mapambano». Ukikuta «mapambano» ambamo upande mmoja hakuna hata aliyekwaruzwa, shuku. Pili, tarehe: mauaji ya kisasi hutokea siku au wiki chache baada ya kifo cha mzungu, kwa hiyo soma magazeti ya wiki sita zinazofuata. Tatu, linganisha barua za faragha na ripoti rasmi. Watu walijisifu kwa ndugu zao waliyoyanyamazia kwa gavana. Nne, majina ya mahali, kama kijito au kilima chenye neno «mafuvu» au «machinjo». Tano, masimulizi ya wenyeji, ambayo mara nyingi hutaja mahali kwa usahihi kuliko karatasi, ingawa matukio mawili yanaweza kuunganishwa kuwa moja.

Na kabla ya kuchapisha jina au picha ya marehemu wa miaka ya karibuni, uliza familia yake: katika jamii nyingi za Kiaborijini jina la aliyefariki halitajwi kwa kipindi fulani, na kipindi hicho wao ndio wanaokipanga.